Mwache Ajibu Mwenyewe

Nilimpeleka mama kupimwa kumbukumbu na nikamharibia kipimo. Nalisema wazi kwasababu naona watu wengi tunafanya hivohivo kwa mapenzi tu, na madhara yake hatuyajui.

Ilikuwa hivi. Daktari alimtajia maneno matatu, mama akayarudia vizuri kabisa, nikashusha pumzi. Alafu akapewa karatasi achore saa, duara na namba zote na mishale ikionyesha saa tano na dakika kumi. Duara lilitoka zuri tu, akaanza moja, mbili, tatu, lakini namba zikabanana zote upande wa kulia mpaka kumi na mbili ikaishia kule chini inapokaa sita. Akaitazama ile karatasi, akaigeuza, akanitazama mimi. Daktari akamwambia haya mama, nikumbushe yale maneno. Akasema kiti. Akasema mlima. Kimya. Mimi pale pembeni nikachezesha midomo nikampa la tatu, akalisema, likaandikwa.

Kipimo chenyewe kinaitwa Mini-Cog, kina pointi 5 na kinachukua kama dakika tatu. Kila neno pointi 1, saa ikichorwa sawa 2, isipokaa sawa 0, na kwa kawaida ukipata chini ya 3 ndo unachunguzwa zaidi. Mama alikuwa na 2. Akatoka na 3, na hiyo moja ni yangu mimi. Tukarudi nyumbani tumefurahi na mwaka mzima ukapita bure.

Kwahiyo nikisikia mtu anasema vipimo hivi ni vya kitoto, eti kuchora saa kutamwambia nini daktari, naumia. Kuchora saa ni kazi nzito kwa ubongo, unatakiwa uelewe ulichoambiwa, ukishike kichwani, upange nafasi, ukumbuke mshale mfupi ni wa nini. Na yale maneno hayaulizwi papo hapo, unapewa kazi nyingine kwanza makusudi, kwasababu Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, mara nyingi inaanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndo maana mzee anakusimulia ya miaka arobaini iliyopita bila kukosea, ila ya asubuhi hana. Kuna vipimo ambavyo ukikwama unapewa kidokezo, na hapo ndo utaona tofauti, maana mwenye sonona mara nyingi ukimdokezea neno linarudi, lilikuwepo ila lilichelewa kutoka, wakati kwa mwenye Alzheimer mara nyingi kidokezo hakisaidii sana maana neno halikuwahi kuhifadhiwa. Sasa wewe unayemnong'oneza unafuta alama yenyewe iliyokuwa inatafutwa!

Maswali ya namna hii yapo tangu mwanzo wa ugonjwa kujulikana. Mwaka 1901 kule Frankfurt, Alois Alzheimer alimuuliza mgonjwa wake Auguste Deter anakula nini, yule mama alikuwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, akajibu spinachi. Daktari akaandika jibu kama lilivyotoka.

Lakini na mimi sisemi kipimo ni hakimu. MoCA, kipimo kingine cha kumbukumbu na akili, ile ya pointi 30 iliyotolewa mwaka 2005 inahesabu 26 kwenda juu kuwa ni kawaida, na aliyesoma miaka 12 au chini anaongezewa pointi 1, sasa jiulize pointi 1 inamtosha vipi ambaye hakukanyaga darasa kabisa. Na kwetu sisi wa Kiswahili kuna mtego wa saa, saa tano yetu mshale mfupi unakaa kwenye kumi na moja, kwahiyo mpimaji akitafsiri "eleven" ya Kiingereza neno kwa neno akasema saa kumi na moja, mzee mwenye akili timamu ataupeleka kwenye tano na ataonekana amekosea. Pia mtu anaweza kuboronga kwasababu hasikii vizuri, au ana upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo haifanyi kazi sawa, au anatumia dawa za usingizi. Mengi ya hayo yanatibika. Matokeo mabaya maana yake ni endelea kutafuta, vipimo vya damu, picha ya ubongo, masikio, dawa anazomeza, na msikubali mtu awaambie ni uzee tu.

Na kuwahi kuna maana. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na Alzheimer inachangia asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa. Dawa kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 haiponyeshi, inapunguza kasi tu, na ni ya walio hatua za mwanzo. Hata bila dawa, mtu akijua mapema anasema mwenyewe anataka aangaliwe vipi na nani amshikie mambo yake, akiwa bado anaweza kusema.

Ombi langu kwa wenye wazazi: msimdanganye kwamba mnaenda kupima presha. Msimfundishe kwa vipimo vya kwenye simu, ataishia kukariri. Na wewe zamu yako ipo, daktari atakuuliza umeona nini nyumbani, hapo sema yote, mlango aliosahau kufunga, swali alilouliza mara nne kabla ya chakula.

Mara ya pili nilikaa nyuma ya mama. Akageuka kunitafuta, nikainamisha kichwa. Akasema neno moja, akapewa kidokezo cha mengine mawili, hayakuja. Daktari akafungua faili jipya na siku hiyohiyo tukapelekwa kutoa damu.