Nilivyoiamkia Kamera

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja wa Shangani ameshaisambaza habari hii kwenye kundi la WhatsApp kwa namna inayompendeza yeye, naomba niisimulie mwenyewe kabla haijafika Masasi. Si kweli kwamba nilipanda juu ya meza, wala si kweli kwamba nililia. Mengine yote, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Wenzangu wa Mtwara mnaufahamu msimu wa korosho: gunia likilala nje, asubuhi unakuta jamvi tupu. Nikanunua kwa fundi mmoja wa mjini kamera iliyokwishatumika, yenye spika na maikrofoni, tukaifunga kwenye kona ya dari sebuleni, ikiyatazama magunia. Fundi alisoma namba iliyobandikwa chini yake, akaiingiza kwenye simu yangu pamoja na neno la siri lililokuwemo tangu zamani, picha ikatokea, akapokea hela yake na kuondoka. Neno la siri la Wi-Fi nililibadilisha kwa mkono wangu, likawa refu kiasi kwamba mke wangu hulisoma kwenye karatasi.

Usiku ule nilikuwa nimeketi mkekani, kifua wazi, msuli kiunoni, nikichambua korosho za kupeleka chama cha msingi. Uchambuzi wangu, niseme tu, una huruma. Nilishika korosho moja iliyosinyaa, yenye madoa, ambayo mtu mkali angeitupa daraja la pili. Nikaigeuzageuza, nikaitazama kwenye mwanga, nikaanza kuipeleka taratibu kwenye gunia la daraja la kwanza. Mkono ukiwa bado hewani, sauti nzito ikatoka juu ya kichwa changu: "Mzee, hiyo mbovu."

Sikugeuka. Marehemu babu yangu alikuwa mkulima wa mikorosho, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Jasho lilianza nyuma ya masikio, likashuka mgongoni bila haraka, nami nikiwa nimeinua korosho ile kama shahidi anayeapa mahakamani. Hatimaye nikasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, "Shikamoo."

Kukawa kimya. Kisha darini kukajibu, "Marahaba."

Nikaiweka korosho daraja la pili. "Na ile ya kabla yake?" sauti ikauliza. Ndugu zangu mnaonifuata hapa, mnaweza kucheka, lakini niliingiza mkono gunia zima mpaka kwapani nikaitafuta.

Mke wangu ndiye aliyetoka chumbani, akaitazama kamera na kuiuliza, "We nani?" Mwenye sauti alikuwa kijana wa kidato cha tatu, yuko Newala. Kaka yake ndiye aliyeiuza kamera ile, lakini programu yake ilibaki kwenye simu ya mdogo mtu, na kamera ilipopata intaneti kwangu, sebule yangu ikamfungukia. Aliomba radhi sana. Ile marahaba, alisema, ilimtoka kwa mazoea ya kuamkiwa na wadogo zake.

Neno la siri la Wi-Fi humzuia jirani asiingie kwenye intaneti yako; halimzuii mwenye namba ya kamera na neno la siri la kamera yenyewe, kwa sababu simu yake hupitia kwenye seva za mtengenezaji, awe Newala au ng'ambo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba mwaka huo ikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza simu na kompyuta kwenye tovuti, hadi Twitter ikawa haifunguki kwa watu wengi. Uingereza imepiga marufuku maneno ya namna hiyo kwenye vifaa vya nyumbani tangu 29 Aprili 2024. Watu wa Dyn angalau walivamiwa na wahalifu. Mimi nilisimamiwa kazi na mwanafunzi.

Neno la siri la kamera limebadilishwa, kijana ameifuta kwenye simu yake, yamekwisha. Rafiki wa Shangani, aliyekuja kunisaidia akaondoka na nakala ya video, nimemtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Amenijibu kwa stika yenye uso wangu. Magunia tuliyachambua upya mchana, mke wangu akisimamia, na chama kikayapokea yote daraja la kwanza isipokuwa moja, lile nililolijaza kabla kamera haijafungwa.