Tongoni nilipita, Lindisfarne nikashuka

Mtu wa Tanga kufundishwa habari za maji kujaa na kibao cha barabarani ni aibu, lakini yalinikuta. Tulitoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, asubuhi na mapema, tukashika barabara kuu ya A1 kuelekea mpaka wa Uskoti hadi njia panda ya kisiwa cha Lindisfarne. (Huku nako gari hupita kushoto kama kwetu, basi kuendesha si tabu. Tabu ni kamera za mwendo.) Barabara ya kuingia kisiwani, iliyofunguliwa 1954, mara mbili kwa siku inafunikwa na bahari. Nikayatazama maji, nikasema bado sana, twende. Mke wangu akaninyooshea kidole kwenye kibao: saa za kuvuka, na picha ya gari lililozama. Mbele huko kuna kibanda juu ya miguu mirefu, wanakopanda wajuaji wa aina yangu kungoja kuokolewa. Tukageuza.

Tukaenda kuua muda Bamburgh, ngome iliyokaa juu ya mwamba mweusi kama kofia. Hii inahesabiwa kuwa ngome ya kwanza Uingereza kuangushwa kwa mizinga, mwaka 1464. Ikakaa gofu karne kadhaa, kisha 1894 ikanunuliwa na William Armstrong, tajiri wa Newcastle aliyepata mali yake kwa kutengeneza, kati ya mengine, mizinga. Ukubwa wake sikuushangaa sana, maana wengi wetu tumeiona Fort Jesus. Nilichoshangaa ni kwamba sehemu kubwa ya kile ninachokipiga picha ni matengenezo ya juzi juzi, ya pesa za mtu mmoja.

Nalisema hili kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp kuna wimbo usiokwisha: wenzetu wanajua kutunza, sisi hatujui. Sikubali. Alasiri maji yalipopwa tukavuka, na pale kisiwani utaona ngome ndogo iliyojengwa kwa mawe yaliyong'olewa kwenye nyumba ya watawa. Wenyewe waliibomoa wakachukua mawe! Kutunza hawakuzaliwa nako, waliamua, tena si zamani sana.

Nyumba hiyo ya watawa historia yake ni ndefu. Mtawa Aidan aliianzisha mwaka 635, Waviking wakaivamia 793, na kitabu cha Injili kilichoandikwa hapo kwa mkono sasa kiko London. Watu wa kaskazini wamekuwa wakidai kirudi. Mwaka 2022 kilikuja Newcastle kwa kuazimwa tu. Nilicheka peke yangu. Kumbe hata Mwingereza ana chake kilichokwenda mjini kisirudi.

Lakini tuwe wakweli, mle ndani kuna nini? Kuta zisizo na paa, tao moja jembamba linaloning'inia hewani, majani yaliyokatwa vizuri, makaburi. Basi. Na kwa hayo watu wanalipa kiingilio, wanapanga safari kwa saa za maji, na mzee mstaafu anayejitolea anakueleza kila pembe bila haraka.

Hapo ndipo Tongoni iliponijia. Iko njiani kabisa, ukitoka Tanga kwenda Pangani. Pana msikiti wa kale na makaburi kama arobaini, mengine ya nguzo, na vishimo vilivyobaki palipokuwa pamepachikwa bakuli za kigeni. Karibu na mwambao huo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto merikebu yake, São Rafael, mwaka 1499. Nimepita pale kwa daladala tangu sina meno ya mbele, na sikuwahi kushuka hata mara moja. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Pale hakuna kitu, makaburi tu." Sasa Lindisfarne kuna nini kingine?

Kusema kweli, kuna waliokuwa wakishuka. Marehemu bibi alikuwa akienda na ubani na marashi, anafagia, anasoma dua, anarudi. Hakuwa na kiingilio wala kibao, ila alijua nani kalala wapi, au wazee wake walimwambia hivyo. Sisi tuliosoma tuliona ni mambo ya wazee. Siku hizi naweza kukutajia mwaka alioingia Aidan, na siwezi kukutajia jina hata moja la Tongoni.

Wiki iliyopita nikampigia shangazi, nikamwambia Desemba nakuja, anipeleke, ubani nitanunua mimi. Akanyamaza kidogo.

"Karibu mwanangu," akasema. "Uje na daftari. Mimi nayajua makaburi manne tu, yaliyobaki alikuwa akiyajua mama."