Harusi wiki tatu, makovu miaka kumi

Kama bado unatoka chunusi, usilipie leza, ile tiba ya mwanga mkali ya kupunguza makovu. Naanza na hilo kwa sababu harusi za kabla ya Ramadhani zinapokaribia, wasichana wa hapa Mjini Unguja huanza kuhangaika na nyuso zao kwa pupa, na pesa nyingi huishia pasipo na faida. Mimi nipo duka la dawa. Anayesimama dirishani kwangu ni biharusi aliyebakiza wiki tatu, ana makovu ya tangu skuli, ana chunusi mbili mpya kidevuni, na mkononi ameshika tyubu ya krimu aliyopewa na shoga yake. Anataka kitu cha kuufuta uso.

Hakuna kitu hicho. Wiki tatu zinatosha kuacha kuzitumbua chunusi, kuanza mafuta ya kukinga jua, na kumtafuta mpambaji mzuri. Basi. Ngozi iliyotibiwa kovu hujijenga kwa miezi. Sindano au leza hurudiwa mara tatu, nne, pengine sita, kila baada ya wiki nne au zaidi, na matokeo yake huonekana vizuri miezi kadhaa baadaye. Anayekuahidi kukusafisha kwa mkao mmoja kabla ya akdi anakuuzia maneno.

Kwanza ujue una nini. Simama ubavuni mwa dirisha asubuhi, mwanga ukupige kwa upande. Usitegemee kamera ya simu, maana za siku hizi zinalainisha uso bila kuulizwa. Pitisha kidole. Kama kidole hakihisi kitu na jicho linaona weusi tu, hilo ni doa. Ngozi ya ndani haijapungua. Kama pana bonde, livute shavu kwa vidole viwili. Bonde pana linalopotea ukivuta ni lile lililoshikwa chini na nyuzi. Likibaki tundu jembamba linalozama, hilo ni la kina, na hakuna krimu duniani itakayolijaza. Kuna na shimo la duara lenye kingo zilizosimama. Wengi wana yote matatu kwenye shavu moja, ndiyo maana tiba moja haiwatoshi.

Lakini kwa nyuso ninazoziona mimi, wengi wanaolia makovu wana madoa. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huzidisha rangi kila inapoumizwa, na rangi hiyo huchukua miezi kuondoka, mara nyingine mwaka na zaidi. Huondoka, mradi usiichokoze, na wachokozi wakubwa ni vidole na jua. Unguja ipo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua letu halina likizo, na baibui linafunika kila kitu isipokuwa pale penye doa. Mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga cha SPF 30 kwenda juu yapakwe kila asubuhi, yarudiwe mchana kwa anayekaa nje. Yenye rangi ya kahawia yanatufaa zaidi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia hata ule mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, na hayakuachi na uso wa chokaa. Watu wanadhani haya ni mambo ya wazungu wa ufukweni Nungwi. Hapo Moshi, hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ongeza dawa ya kupaka, adapaleni usiku au asidi ya azelaiki ya asilimia 20, doa litaondoka upesi zaidi. Mashine ya nini?

Sasa ya jikoni. Liwa, ule unga wa msandali, sina ugomvi nayo, inapoza. Singo ya biharusi, ule msuguo wa manukato, ibaki mwilini. Kuisugulia chunusi iliyoiva ni kuipasua. Ndimu, hapana. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huunguza, na panapoungua hubaki doa jeusi kuliko lile ulilotaka kulitoa. Mafuta ya karafuu nayo, fahari ya Pemba, ni makali mno usoni yakipakwa matupu. Bibi zetu walitia kwenye jino, na walijua kwa nini.

Kinachoniudhi khasa ni zile krimu za kung'arisha. Juzi kati alikuja mmoja.

"Dada, hii ilimfaa wifi yangu."

"Wifi yako alikuwa na nini?"

"Chunusi."

"Na wewe?"

"Mimi sijui, ndo nakuuliza."

Nikaigeuza tyubu. Maandishi madogo nyuma yalisema klobetasoli, steroidi kali ambayo daktari huandikia ukurutu na maradhi mengine ya ngozi, kwa muda mfupi, na usoni huiogopa. Wiki za mwanzo uso hulainika, chunusi hunywea, kila mtu anakusifu. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, vipele vidogo vya aina moja vinatapakaa, na ukiiacha ghafla uso unafura na kuwaka moto. Wifi alikuwa bado yuko kwenye wiki za sifa. Krimu nyingine zina zebaki, inayoingia mwilini na kuharibu figo, au haidrokwinoni, dawa ya kupunguza rangi, isiyopimwa, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuuachia uso weusi wa buluu usiotoka. Hivi vyote ni marufuku kwenye vipodozi. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ana kazi ya kuvikamata, ila hakuna wakala atakayekaa ndani ya kila mkoba wa shoga.

Mashimo ya kweli yanataka mikono ya daktari. Lile tundu jembamba hutibiwa kwa asidi ya trikloroasetiki kali sana, asilimia 70 hadi 100. Daktari huinyoosha ngozi, huchovya ncha ya kijiti, hata cha meno, na kugusa ndani ya tundu tu, asiguse ukingo. Sekunde chache pale panageuka peupe pe. Panachoma kwa dakika kadhaa. Kisha panafanya gaga, gaga linabanduka lenyewe kwa muda wa wiki hivi, na tundu linaanza kujijaza kutoka chini. Ukilibandua kwa ukucha umejiharibia. Hurudiwa baada ya mwezi au zaidi. Njia hii ilielezwa na madaktari wa Korea Kusini mwaka 2002, kwa wagonjwa wenye ngozi inayoshika madoa kwa urahisi, na ndiyo maana naiamini kwa ngozi zetu. Asidi hiyo hiyo kwa nguvu hiyo, ikipakwa uso mzima na mtu wa saluni, ni kuungua kwa moto.

Bonde pana halitibiki kwa asidi. Nyuzi zimeishika ngozi kwa chini zikaivuta, kama kifungo kinavyolibonyeza godoro. Daktari hutia ganzi, akapitisha sindano chini ya ngozi na kuzikata moja moja. Utavimba, utavilia damu, na kwa wiki moja au mbili hutotaka kupigwa picha.

Kwa mashimo yasiyo na kina kikubwa kuna mashine ya mkono yenye visindano vingi, hutoboa ngozi ili ijijenge upya. Kama pesa zako zinatosha jambo moja tu, na si tundu la kina, mimi ningekupeleka huku kabla ya leza. Haitumii joto, na joto ni miongoni mwa vinavyoamsha weusi kwenye ngozi kama zetu. Sharti ni moja: kichwa cha sindano kiwe kipya na kifunguliwe mbele ya macho yako. Roli ya visindano ya saluni, inayopita uso huu na ule, hata ikifutwa kwa spiriti, inaweza kubeba homa ya ini B na virusi vya UKIMWI. Na ile ya kununua mtandaoni ukajitoboe chumbani, iache huko huko.

Leza si uongo. Zile zinazochoma vitundu vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati zilielezwa mwaka 2004, na makovu zinayapunguza. Lakini kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo hatari ya kubaki na madoa inavyopanda, khasa kwa leza ya kaboni dayoksaidi inayobandua. Mtu anaweza kupanda boti hadi Dar, au ndege hadi India, akalipa mamilioni, akarudi mashimo yamepungua na uso una alama nyeusi alizokuwa hana. Ukienda, muulize daktari: umeshatibu nyuso nyeusi kama yangu, na picha zao ziko wapi? Utaijaribu kwanza mahali padogo karibu na sikio? Doa likitokea nikiwa nimeshavuka maji, nani atalitibu? Akikasirika, ondoka. Na hata mikononi mwa hodari, makovu hupungua tu, hayafutiki. Aliyepata nusu kapata.

Nilisema anayetoka chunusi asilipie leza, yaani chunusi zitibiwe kwanza, na hapo pana jambo linalonitisha kuliko leza. Chunusi kubwa zenye maumivu, zile zinazochimba mashimo, mara nyingi huandikiwa vidonge vya isotretinoini. Ni dawa nzuri mno, imewatoa wengi kwenye mateso. Lakini mimba ikiingia wakati unaitumia, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu mkubwa wa moyo, wa ubongo, wa uso. Mwanamke hatakiwi kushika mimba kwa muda wote wa dawa na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Sasa mfikirie msichana anayevianza miezi michache kabla ya harusi ili siku ile ang'are. Anaolewa, na mama mkwe anaanza kuhesabu miezi. Nani kamwambia? Daktari kaona haya kumzungumzia mwari uzazi wa mpango, mama kaona haya kuuliza, na mwari mwenyewe ndiyo kabisa. Kwa hili mimi sina haya. Nikiona cheti cha dawa hiyo mkononi mwa mchumba wa mtu, namvuta pembeni: "Mwanangu, harusi lini?" Mama yake akinuna, anune. Dawa za kupaka zina mambo yake pia: tretinoini, adapaleni na haidrokwinoni huachwa mtu akipanga kubeba mimba, wakati asidi ya azelaiki inaweza kuendelea.

Makovu yanayotuna juu, kwenye taya, kifuani, mabegani, ni habari nyingine. Mengine ni keloidi, na sisi weusi huzipata zaidi. Hutibiwa kwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki kadhaa. Likikatwa tu, mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Mwenye keloidi popote mwilini aseme kabla hajaguswa usoni.

Lawama yangu ya mwisho ni kwa wapangaji wa huduma zetu. Moshi kuna kituo cha kusomesha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo si kwamba elimu iko ng'ambo. Asidi, kijiti, ganzi na sindano havigharimu hata chembe ya bei ya mashine ya leza. Mtu wa Wete, Pemba, akilazimika kuvuka hadi Unguja kwa kazi ya nusu saa inayorudiwa kila mwezi, nauli na malazi vitaipita bei ya tiba, na atakata tamaa safari ya pili. Ningependa daktari ndiye avuke: siku moja kila mwezi Chake Chake, huko huko Pemba, kwa ratiba inayojulikana, na leza ingoje. Siku hiyo wapangwe wanaume jioni, maana nao wana mashimo mashavuni, ila foleni ya kina dada wanaiona aibu.