Mkasi Wenu na Kodeksi Mendoza

Ile picha ya mtoto wa Kiazteki akifukizwa moshi wa pilipili imeanza kuzunguka tena, na kibwagizo kilekile: "Oneni walivyokuwa makatili!" Aliyeibandika ameacha nje robo tatu ya ukurasa inakotoka, katika Kodeksi Mendoza, kitabu cha michoro kuhusu Waazteki wa Meksiko ya kale.

Fungueni Kodeksi Mendoza, karatasi ya 60, upande wa mbele. Maktaba ya Bodleian kule Oxford imeiweka mtandaoni, hakuna kisingizio. Kuna safu nne. Kushoto ni baba na mwana, kulia mama na binti. Hesabu vidoti vya buluu kwa kila mtoto: ndiyo miaka yake. Pembeni kuna tortila, yaani mikate bapa ya mahindi: huo ndio mgao wa kila mlo. Safu ya miaka 11 ndiyo ya pilipili, mgao tortila moja na nusu. Miaka 12: mvulana amefungwa, kalazwa kwenye tope, msichana anafagia usiku. Miaka 13: mvulana kaleta matete kwa mtumbwi, msichana anasaga mahindi, na mgao umepanda hadi tortila mbili. Miaka 14: huyu anavua kwa wavu, yule anafuma. Adhabu ziko juu, kazi ziko chini, na mkasi umebakiza safu ya juu tu, kama kawaida.

Haya, adhabu zilikuwepo. Lakini sehemu hii ya tatu ya kitabu, tofauti na ile ya kodi iliyonakiliwa kutoka hati nyingine, inadhaniwa ilichorwa upya miaka ya 1540 ili Wahispania waitazame. Inaonyesha malezi yanavyotakiwa kuwa. Kuifanya ripoti ya kila nyumba ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ni uvivu.

Uvivu mwingine ni kuanza na maelezo ya Kihispania yanayoandamana na michoro. Michoro ilitangulia. Mfasiri aliyeandika maelezo hayo mwenyewe anajitetea mwishoni kwamba kazi ilimfikia siku 10 kabla ya meli kung'oa nanga, na lawama anawatupia wenyeji: walichelewa kukubaliana. Yaani wenyeji wenyewe walichukua muda kukubaliana, halafu ninyi mnanukuu muhtasari wa mtu mwenye haraka!

Sasa nendeni karatasi ya 71. Vijana waliokunywa pombe wakalewa wanauawa, na ukurasa huohuo bibi wa miaka 70, mwenye watoto na wajukuu, anakunywa pombe yake kwa ruhusa kamili. Huyo mbona hambandiki?