Ada ya chuo cha umma ifutwe kwa wote, hata kwa mtoto wa tajiri

Mjadala wa vyuo vya umma vya bure ukizuka Marekani, hoja moja haikosi kujitokeza: kwa nini mlipakodi wa kawaida amsomeshe mtoto wa tajiri? Mwaka 2015 Hillary Clinton alipokuwa akiwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic dhidi ya Bernie Sanders, aliyetaka vyuo vya umma viwe bure, alisema wazi kwamba hayuko tayari kuwasomesha bure watoto wa Donald Trump. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, na ndiyo maana haijafa. Mimi siikubali hata kidogo.

Kwenye shule ya sekondari ya umma hakuna anayesimama getini kuuliza mshahara wa mzazi. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji wanaingia mlango mmoja. Sioni kwa nini utaratibu huo ugeuke ghafla mtoto akifika miaka 18.

Na ubaguzi huu wa kuchuja "wanaostahili" kwa kipato humwumiza nani? Humwumiza maskini. Mwanafunzi wa Marekani akitaka msaada wa serikali kuu hujaza fomu iitwayo FAFSA. Kwa kawaida mzazi naye anatakiwa aingie mtandaoni, ajitambulishe na kuridhia taarifa zake za kodi zichukuliwe. Sasa mfikirie binti ambaye hajaongea na baba yake kwa miaka, au ambaye mama yake hana namba ya hifadhi ya jamii, ambayo serikali huitumia kumtambua mtu. Fomu mpya ambayo ilitarajiwa Oktoba 2023 ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba ikiwa imejaa hitilafu, na wazazi wasio na namba hiyo walikwama kwa wiki nyingi. Wanafunzi wakabaki wanasubiri kujua kama wataweza kulipia chuo. Mtoto wa tajiri hakupoteza hata usingizi wa usiku mmoja, kwa sababu fomu hiyo haimhusu.

Jimbo la New York lilijaribu njia ya kati mwaka 2017, kwa mpango wa Excelsior. Kiwango cha juu cha kipato cha familia kilipandishwa hadi dola 125,000 kwa mwaka. Lakini mpango huo hulipa ada inayobaki baada ya ruzuku nyingine kutumika. Yule maskini kabisa, ambaye ruzuku zilikwishamlipia ada yote, hakuongezewa hata senti ya nauli wala ya kitabu. Juu ya hapo, ukihitimu unatakiwa uendelee kuishi jimboni kwa idadi ya miaka uliyolipiwa, la sivyo msaada unageuka mkopo.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Jiji la New York, ndani ya jimbo hilo hilo, lilikuwa na chuo cha bure tangu 1847. City College ndiko alikosoma Jonas Salk, mgunduzi wa chanjo ya polio, na Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Mwaka 1970 vyuo vya jiji vikawafungulia milango wahitimu wote wa sekondari zake, na Weusi na Walatino wakaingia kwa wingi. Mwaka 1976, jiji likiwa hoi kifedha, ada ikaanza kutozwa. Walioingia mwisho ndio waliokuta bili mezani.

Nakubali kwamba kufuta ada peke yake hakutoshi. Uskoti haiwatozi ada wanafunzi wake wa shahada ya kwanza, lakini serikali hulipia idadi maalumu ya nafasi, na ushindani wake ni mkali. Tena katika vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, kodi ya nyumba na chakula huzidi ada kwa mbali. Anayedai ada ifutwe bila kudai viti na fedha za kujikimu amedai nusu.

Kuhusu nani alipe, jimbo la Massachusetts limekwishajibu. Mwaka 2022 wapigakura waliridhia kodi ya ziada ya asilimia 4 kwa kipato kinachozidi dola milioni moja kwa mwaka, fedha ziende kwenye elimu na usafiri. Mwaka 2024 jimbo likafuta ada za vyuo vya jamii kwa mkazi yeyote asiye na shahada, bila kuangalia kipato, na wenye kipato kidogo wakaongezewa fedha za vitabu. Tajiri analipa kodi yake, na mwanawe akitaka kusoma hapo, akaribie.