Dirisha ya mbao na ile takse ya vitri

Nani kwanza aliambia watu wa Bukavu kama dirisha ya mbao ni umaskini? Leo asubui sijanywa hata chai, shemeji ashafika mu parsele, mikono ku mugongo, anazunguka nyumba yangu polepole utasema minisita mwenye kutembelea shantie, anasimama mbele ya dirisha ya salo anasema "shemeji, toa ile vitu, weka aluminiamu, kila mutu siku hizi iko na aluminiamu." Bei ya aluminiamu hakuitaja. Na kwake nyumbani, dirisha ya jikoni imefungwa na karto ya mafuta, hiyo nayo hakuitaja.

Hizi dirisha ziko hapa Ibanda tangu wakati wa Wabelgiji, muji ungali unaitwa Costermansville. Marehemu muzee alisema ni mbao ya libuyu, mimi najua tu kama ukipiga musumari, musumari njo inapinda. Leo nenda uuziwe mbao, watakupatia kalipitusi mubichi, bado inatoka maji, ikikauka kadre inageuka mviringo unajiuliza kama uliagiza dirisha ao kitunga.

Shida ya dirisha yangu si umri. Ni tetemeko ya tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008, ile siku ya Mungu watu wako kanisani, kadre ya salo ikalala kidogo upande na haijaamka mupaka leo, unaifunga na bega. Halafu mvua. Kuanzia mwezi wa 9 mbao inakunywa maji inavimba, bega nayo haitoshi tena. Fundi akakuja na rabo yake mu mwezi wa 4, mvua iko inapiga, anataka kunyoa. Nikamuambia fundi, ukinyoa sasa, mwezi wa 7 mbao ikikauka nitapitisha kidole mu tundu. Akaniangalia na upole mwingi akasema: "Papa, mwezi wa 7 si utaniita tena."

Huyo huyo alitaka kubandika masitiki, ile ya kushikisha vitri, ku mbao kavu bila kupakaa kwanza mafuta ya lini, ile ya mbegu ya kitani. Masitiki ni unga wa chaki na mafuta ya lini, sasa mbao kavu inanyonya yale mafuta yote, chaki inabaki peke yake, inapasuka, vitri inaanza kucheza. Hiyo mutu wa rabo hajui, lakini bei ya kazi anaijua kwa dola na kwa franga na kwa taux ya leo.

Mutoto wa ndugu yangu mukubwa, mwenye kuishi London, alinitumia vocal, eti kwao dirisha ya zamani inapanda juu na kushuka, iko na kamba inapita ku kagurudumu, na ndani ya ukuta kila upande kuko chuma ya kuvuta, zote mbili pamoja sawa na uzito ya dirisha, siku kamba inaoza dirisha inaanguka ku vidole. Basi hata huko. Nililala vizuri ile usiku.

Sasa vitri yenyewe. Watoto na mpira, sina ya kuongeza. Nikapanda Kadutu, nikanunua vitri ya milimetri 3, nikamuambia muuzaji aikate kidogo ndogo kuliko kadre, ju mbao inatembea, akajibu "papa mbao haitembei, iko ku ukuta." Sawa. Nikaita moto, ile pikipiki ya kubeba watu. Motari akasema "panda, shika yako, mimi nashika yangu", tukaanza kushuka, miye nimekumbatia vitri mu shimo zote munazozijua, mama moja akatusimamisha ajitazame kitambaa, na mbele kidogo bwana moja wa takse, mwenye kitabu ya risiti, naye akatusimamisha. Wa service gani, hakusema, na sikuuliza.

"Hiyo ni nini?"
"Vitri."
"Inaenda wapi?"
"Ku dirisha."
"Ni marshandizi."
"Si marshandizi, ni kipande ya nyumba yangu."
"Nyumba mbona iko ku moto?"

Nikajiweka vizuri, nikarekebisha koti. Nikamuambia bwana, unaongea na mwalimu, nimefundisha jografia mu hii muji miaka mingi, nimefundisha watoto ya wakubwa wako. Akavua miwani. Akaniangalia. "Jografia? Kumbe ni wewe ulinipatia 3 ku 20!"

Takse ikapanda pale pale.

Na mvua nayo ikaona njo saa yake. Hakuna baraza, hakuna mti, nikainua vitri juu ya kichwa, bwana akaingia chini yake, motari akaingia, watu watatu chini ya milimetri 3, mikono yangu inatetemeka na yeye anaandika risiti pahali pakavu! Mimi njo namushikia paraplii anitoze! Anaandika na bado anakumbuka: "Ulituuliza urefu wa ziwa Kivu juu ya usawa wa bahari."
"Metri 1.460."
"Nilijibu 1.500."
"Haikuwa sawa."
"Si ni karibu?"
"Ile 1.500, ziwa ingeingia mu nyumba za watu, bwana!"

Mupaka motari alichoka: "Mwalimu, mupatie alama yake twende, bakshishi zangu zinalowa."

Mutu wa diplome, baba wa familia, maji inaingia mu mikono ya koti. Nikamupatia. 4 ku 20, nimeandika ku kitabu yake ya risiti, na sinyatire. Akapunguza takse nusu, akaomba niongeze "mutoto mwenye bidii". Nilikataa. Kuko mipaka.

Vitri ilifika nzima. Nikapakaa mafuta, nikaweka masitiki miye mwenyewe, sasa kunabaki kungoja juma moja ao mbili ikaze ngozi mbele ya rangi, na rangi ipande ku vitri milimetri 2 hivi maji isipenye. Kungoja tu. Kazi ya nani, kungoja?

Kuku ya jirani. Inaruka mupaka ku dirisha kila asubui, inadonoa masitiki yangu upande wa chini, polepole, kwa adabu, kama haina haraka ya maisha. Nikaenda kwa mama mwenyewe, nikalalamika, akasema "papa mwalimu, ni chaki inatafuta, kuku inahitaji kalsiamu." Kweli, hata ganda ya mayai yake imekuwa nguvu sana, watu wanayasifu pa barabara yote, na bei ameishapandisha, lakini mutoto wa kuniletea hata yai moja hajaonekana.