Maji ya mvua katika nyumba za gharama nafuu: nani atazoa tope?

Chukua hekta moja ya ardhi iliyokuwa na nyasi na vichaka, uijenge nyumba, maegesho na njia za zege mpaka asilimia 60 yake iwe imezibwa. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa saa moja, sehemu iliyozibwa pekee hupokea lita 300,000, na karibu maji yote hayo hutafuta pa kwenda papo hapo. Katika miradi ya nyumba za gharama nafuu tatizo hili huwa kali zaidi, kwa kuwa nyumba hubanana na kila mita ya kiwanja huhesabiwa.

Wanaotetea mabomba ya chini ya ardhi wana hoja isiyofaa kubezwa. Bomba halichukui nafasi, kila mkandarasi anajua kulilaza, na eneo linalotengwa kwa ajili ya bwawa la kuhifadhia maji ya mvua lingeweza kubeba nyumba kadhaa ambazo watu wanazisubiri. Ila bomba haliondoi mafuriko. Huyaharakisha tu na kuyapeleka kwa jirani wa bondeni, na gharama ya jirani huyo haimo katika hesabu za mradi.

Upande wa pili wamo wanaotaka maji yapunguzwe mwendo pale pale yanapoanguka, kwa mitaro ya nyasi, mabwawa ya kina kifupi yanayokauka baada ya mvua, matangi ya kukusanya maji ya paa na vitofali vinavyopitisha maji. Nami naegemea upande huu, lakini si kwa kila kifaa chake. Tangi, kwa mfano, husifiwa kupita kiasi: paa la mita 60 za mraba hukusanya lita 3,000 katika mvua ile ile ya milimita 50, na tangi ambalo mwenye nyumba amelijaza ili atumie maji kiangazi halina nafasi ya kupokea hata tone. Vitofali navyo hutegemea mianya yao ibaki wazi. Nimeona lori likimwaga udongo wa bustani juu ya maegesho ya namna hiyo yaliyokuwa yamekamilika. Kabla mpangaji wa kwanza hajahamia, ndoo ya maji iliyomwagwa pale ilituama kama juu ya sahani. Na palipo na udongo mzito wa mfinyanzi, maji hayazami upesi hata vitofali viwe vizuri namna gani, ndiyo maana shimo la majaribio linapaswa kuchimbwa, kujazwa maji na kupimwa kabla ya ramani kuchorwa.

Hapo kwenye ramani ndipo gharama inapoamuliwa. Uwanja wa watoto ukiwekwa mahali palipoinama, unaweza kushika maji kwa saa chache mara chache kwa mwaka bila kupoteza kiwanja hata kimoja. Mhandisi wa maji akiitwa baada ya nyumba kupangwa, atakachobakiwa nacho ni bomba au tangi kubwa la kufukiwa.

Linalosahaulika katika mabishano haya ni matengenezo. Mfumo ukikabidhiwa kwa wakazi, wanaotozwa ada ya kuusafisha ndio wale wale waliopewa nyumba hizo kwa sababu kipato chao ni kidogo, na ada isipolipwa tope hujaa, mbu huzaliana, kisha lawama huangukia bwawa. Wales ililitazama jambo hili katika utaratibu ulioanza Januari 2019: karibu kila mradi mpya wa nyumba zaidi ya moja lazima mfumo wake wa maji ya mvua uidhinishwe, na ukikidhi viwango na kuhudumia zaidi ya nyumba moja, mamlaka ya eneo ndiyo inayouchukua na kuutunza. Pasipo na chombo cha namna hiyo, ningechagua mtaro wa wazi ambao mkazi anaona umeziba na anaweza kuuzibua kwa jembe na koleo, kuliko tangi la chini ya ardhi ambalo hakuna anayekumbuka mfuniko wake uko wapi.